Pini za soketi ya prosesa zimepinda: namna ya kuzinyoosha bila kuua bodi

Maswali kuhusu pini za soketi, yaani mahali prosesa inapokaa kwenye bodi kuu ya kompyuta, ni yaleyale kila mara. "Nimefungua kompyuta nibadilishe prosesa, nikaona pini moja imelala. Bodi imekufa?" "Fundi kaniambia ninunue bodi nyingine, hakuna namna?" "Nimejaribu kunyoosha kwa ncha ya kisu, sasa zimepinda tatu. Nifanyeje?" Nimeamua majibu yote yakae mahali pamoja.

Jibu la haraka ni hili: pini iliyopinda mara nyingi inaokoleka, iliyokatika mara nyingi haiokoleki. Kinachoifanya iliyopinda ikatike ni papara. Mtu anaiona, anashika kibano, anavuta. Katika kazi hii macho ndiyo yanayofanya kazi kubwa, mkono unafuata baadaye na unafanya kidogo sana. Ukilikubali hilo kabla hujagusa kitu, nafasi yako ya kuiokoa bodi ni nzuri.

Jua kwanza pini ziko upande gani

Intel walihamisha pini kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye bodi mwaka 2004, walipotoa soketi ya LGA775 kwa kompyuta za mezani (LGA ni aina ya soketi yenye pini upande wa bodi). Tangu hapo prosesa zao za mezani zina vidoa vya dhahabu tu upande wa chini, na pini ziko kwenye bodi. Namba iliyo kwenye jina la soketi ndiyo idadi ya pini: LGA1155 ina pini 1155, LGA1700 ina 1700. AMD waliendelea kuweka pini kwenye prosesa za mezani za kawaida hadi AM4, yenye pini 1331. Walihamia upande wa bodi mwaka 2022 walipoleta AM5.

Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa madukani kwetu ziko upande wa Intel. Dell OptiPlex 7010 ni LGA1155, HP EliteDesk 800 G1 ni LGA1150, HP ProDesk 600 G2 ni LGA1151. Hizo zote pini zake ziko kwenye bodi, na hatua kuu za mwongozo huu zinazihusu. Mwenye Ryzen (prosesa ya AMD) ya AM4 asome hadi mwisho, kuna sehemu yake. Laptop nyingi za sasa hazina soketi kabisa, prosesa imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, kwa hiyo tatizo hili haliwahusu wenye laptop hizo.

Utakachohitaji

- Mwanga mkali unaoweza kuusogeza. Tochi ya simu inatosha.
- Lenzi ya kukuzia, ile ya sonara au ya fundi saa. Ukiwa na rafiki fundi simu mwenye hadubini, mwombe akupishe mezani kwake kwa nusu saa.
- Simu yenye kamera nzuri kwa ajili ya picha. Usiisogeze karibu sana na soketi. Iweke mbali kidogo kisha kuza, picha itatulia zaidi.
- Sindano nyembamba ya kushonea, iliyofungwa kwa selotepu kwenye mwili wa kalamu ili upate pa kushika.
- Kibano chenye ncha nyembamba sana, kile cha mafundi simu. Kibano cha nyusi ni kinene mno.
- Alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ile mafundi wanayosafishia bodi. Usitumie spiriti ya kusafishia vidonda, maana baadhi yake ina mafuta yanayobaki kwenye pini.
- Brashi laini sana isiyopukutika, na mpira wa kupulizia vumbi.
- Kifuniko cha plastiki cha soketi. Kama ulikitupa, tafuta kingine cha soketi hiyohiyo kwenye bodi mbovu kwa fundi.
- Bisibisi, pesti mpya ya joto na kitambaa safi kwa ajili ya kipoza joto.

Na meza iliyotulia, feni ya darini ikiwa imezimwa. Kazi hii ifanye asubuhi macho yakiwa mapya, usiifanye usiku baada ya siku ndefu.

Kabla ya kuanza, angalia mambo mawili. La kwanza ni dhamana. Kama bodi ni mpya na ilitoka dukani hivyo, usiiguse. Piga picha, rudisha kifuniko chake, irudishe ulikoinunua. Ukishaigusa pini hata moja kwa sindano hutaweza tena kudai kwamba ilikuja imepinda. La pili ni rangi. Pini au plastiki iliyobadilika kuwa nyeusi au kahawia imeungua, na hapo tatizo si kupinda tena. Kunyoosha hakutasaidia, na ukiwasha unaweza kuua prosesa pia.

Hatua kwa hatua

1. Kata umeme wote. Chomoa waya wa umeme nyuma ya pawa saplai, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha kisichopakwa rangi kabla ya kugusa bodi, na urudie kila unapotoka na kurudi mezani. Ukiwa na mkanda wa mkononi wa kuondoa umemetuli, uvae. Usifanyie kazi juu ya zulia wala blanketi.

2. Toa kipoza joto na prosesa. Kipoza joto kikigoma, kizungushe taratibu kushoto na kulia mpaka pesti iachie. Fungua wenzo wa soketi, inua fremu, kisha shika prosesa kwa kingo zake mbili na uinyanyue wima. Hapa ndipo pini nyingi huumia: prosesa inaponyoka vidoleni, kona yake inaangukia katikati ya soketi. Kama vidole vyako ni vikubwa au vina jasho, lalisha bodi mezani kwanza. Usiitoe prosesa bodi ikiwa imesimama ndani ya kasha.

3. Iangalie prosesa kabla ya soketi. Watu wengi wanairuka hatua hii, nayo ni ya thamani sana. Igeuze prosesa na umulike vidoa vyake vya dhahabu kwa pembeni. Kila pini nzima iliyokuwa inagusa huacha alama ndogo, kama mkwaruzo wa ncha ya sindano, mahali palepale kwenye kila kidoa. Kidoa kisicho na alama, au chenye alama iliyokwenda pembeni kabisa, kinakuonyesha pini ya kuitafuta kwenye soketi. Kumbuka tu kwamba prosesa iliyokwishatumika kwenye bodi nyingine itakuwa na alama za zamani, kwa hiyo linganisha ung'aavu: alama mpya huwa na makali. Ukiona pesti ya joto kwenye vidoa, ifute kwa alkoholi.

4. Safisha soketi, ukiwa na sababu ya kusafisha. Kama ni vumbi, puliza kwa mpira. Usipulize kwa mdomo, utarusha mate. Kama ni pesti ya joto, dondoshea alkoholi, subiri ilainike, halafu pitisha brashi laini kwa kufuata upande ambao pini zimelalia. Ukipitisha kinyume utazikwangua na kuziinua. Kitambaa, tishu na pamba ya masikio visikaribie soketi. Uzi mmoja unanasa kwenye ncha ya pini, unavuta mkono ili kuunasua, na umeipinda pini ambayo haikuwa na shida. Acha soketi ikauke kabisa.

5. Piga picha kutoka pande nne. Weka tochi chini, karibu usawa wa bodi, mwanga upite juu ya pini kwa mshazari. Ncha za pini nzima zitang'aa kwa mistari iliyonyooka. Iliyopinda haing'ai pamoja na wenzake, au inang'aa nje ya mstari. Ni kama kusimama mwanzoni mwa shamba la mahindi yaliyopandwa kwa kamba: ukiangalia kwa kufuata mstari, bua lililolala unaliona mara moja. Zungusha bodi robo mzunguko, piga tena. Pini iliyopinda kuelekea upande wako huwezi kuiona ukiwa upande huo. Ni hadi uzunguke.

Soketi nyingi za Intel zimegawanyika sehemu mbili, na pini za sehemu moja zinaelekea kinyume na za sehemu nyingine. Wageni wa kazi hii huona nusu ya soketi "imepinda yote" wakaingiwa na hofu. Hiyo ni kawaida. Linganisha kila pini na jirani zake wa karibu, usilinganishe na pini za upande wa pili.

6. Weka alama kwenye picha, siyo kwenye bodi. Fungua picha kwenye simu, zungushia duara kila pini unayoitilia shaka, na uandike tatizo lake: imelala pembeni, imekandamizwa chini, imejikunja nyuma, inagusa jirani, haina ncha. Kama orodha inazidi pini kumi, au ukiona kundi zima limelala pamoja, jiulize kwa dhati kama hii ni kazi yako au ya mtu mwenye hadubini. Hakuna aibu kuipeleka.

7. Elewa umbo la pini moja nzima kabla ya kugusa mbovu. Angalia kwa lenzi pini nzuri iliyo karibu. Haisimami wima. Inatoka kwenye tundu lake, inapanda kwa mshazari, na nchani inajikunja kidogo ili igusane na kidoa cha prosesa. Ni springi: prosesa inapokandamizwa, zote zinashuka pamoja na kusukuma juu. Unachotaka kurudisha ni mambo mawili, yaani ncha ikae mahali pake kwenye mstari, na iwe na kimo kimoja na wenzake. Mikunjo midogo katikati ya mkono wake haikuhusu. Pini isiyopendeza inayogusa vizuri ni bora kuliko pini uliyoing'ang'ania mpaka ikakatika.

8. Nyoosha. Egemeza vifundo vya mikono yote miwili mezani, vidole pekee ndivyo vitembee. Anza na pini inayogusa jirani yake, maana hiyo ndiyo hatari zaidi umeme ukiwashwa.

Iliyolala pembeni: weka ubavu wa sindano, si ncha, katikati ya mkono wa pini, upande ilikolalia, na uisukume kurudi kwenye mstari. Sukuma kidogo mno. Kisha ondoa sindano, angalia. Kwa kuwa ni springi itarudi nyuma kidogo, kwa hiyo safari inayofuata isukume ipite mstari kwa unywele mmoja, nayo itatulia mahali pake. Hapo unaweza kuhisi kwamba hakuna kinachotokea. Vumilia. Nafasi kati ya pini na pini kwenye soketi hizi haifiki milimita 1, na kosa la nusu ya nafasi hiyo linamgusa jirani.

Iliyokandamizwa chini: ingiza sindano chini ya mkono wake ukitokea upande wa ncha, inua polepole kwa hatua ndogondogo, huku ukiangalia kimo chake kutoka ubavuni. Ikifika usawa wa wenzake, acha. Ikizidi juu kidogo sana si neno, prosesa itaishusha. Ikibaki chini, haitagusa.

Iliyojikunja nyuma juu yake yenyewe ndiyo ngumu kuliko zote. Pale palipokunjika chuma kimeshachoka, na kila unapokipeleka mbele na nyuma kinazidi kuwa kigumu mpaka kinavunjika. Kwa hiyo kwenye pini ya namna hii una safari moja. Ingiza ncha ya sindano ndani ya mkunjo, fungua taratibu kuelekea upande mmoja tu, na ukifika karibu na umbo lake simama. Usirudi nyuma "kuiweka sawa". Kama ncha imefika mahali pa kugusa, imetosha hata ikiwa na nundu.

Kibano kitumie tu pale pini mbili zilipong'ang'aniana na sindano haiwezi kuzitenganisha. Shika bila kubana kwa nguvu, geuza, achia. Usivute kwenda juu hata kidogo.

Kila baada ya pini moja au mbili, inua kichwa, pumzisha macho, na uangalie jirani za ile uliyoigusa. Pini mpya zilizopinda hutokea hapo, si kwenye ile uliyokuwa unaifanyia kazi.

9. Piga picha tena pande zote nne na uzilinganishe na za mwanzo, duara kwa duara. Usiwashe kompyuta "kujaribu tu" kabla ya hatua hii. Pini ya umeme ikigusana na ya ardhi, jaribio hilo linaweza kuunguza bodi na prosesa kwa pamoja. Nina msimamo mkali hapa kwa sababu hasara nyingi za mwisho hutokea kwenye dakika hii ya hamu.

10. Rudisha prosesa. Tafuta pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona ya prosesa na alama inayolingana nayo kwenye soketi, hakikisha mapengo ya pembeni ya prosesa yameingia kwenye vijino vya soketi, ishushe wima, iachie. Haitakiwi kukandamizwa wala kuburuzwa. Ikikaa bila kuyumba, funga fremu na ushushe wenzo. Wenzo utakuwa mgumu na utasikia mlio wa kukwaruza. Ni sauti ya kawaida ya soketi za LGA, usifungue katikati kwa hofu.

11. Washa kwa vitu vichache. Weka kipoza joto na pesti mpya, RAM moja tu kwenye nafasi inayopendekezwa na kijitabu cha bodi, na skrini. Kadi ya grafiki iache nje kama prosesa ina grafiki yake. Diski ya kuhifadhia data nayo iache, utaiunganisha ukishafika BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya bodi unaofunguka kabla ya Windows.

12. Pima kila kitu ambacho pini zinahudumia. Kompyuta kuwaka ni mwanzo tu. Jaribu RAM kwenye kila nafasi, moja baada ya nyingine, kisha zote pamoja. Angalia kama BIOS inasoma jumla sahihi na kama RAM zinafanya kazi kwa njia mbili (dual channel). Rudisha kadi ya grafiki, fungua GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, na usome kama kadi ya x16 (yenye njia 16 za data) inapata x16 yake wakati wa mzigo. Mwisho endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Pini inayogusa kwa kubahatisha hujificha saa ya kwanza na kujitokeza joto likipanda.

Kama pini imekatika

Usitupe bodi hapohapo. Pini nyingi kwenye soketi ni za umeme na za ardhi, na hizo ziko nyingi zinazofanya kazi ileile. Ikikosekana moja ya namna hiyo kompyuta mara nyingi huendelea bila shida. Swali ni ipi iliyokatika. Intel hutoa hati za kiufundi za prosesa zao zenye ramani ya soketi. Kila pini ina jina la herufi na namba, mfano AB12, na herufi I, O, Q, S, X na Z hazitumiki, kwa hiyo ukihesabu safu ziruke. Hakikisha pia ramani imechorwa ikitazamwa kutoka juu au kutoka chini, la sivyo utaisoma kinyume, kama kwenye kioo.

Ukiona VSS, ni ardhi. VCC ni umeme wa kiini cha prosesa. RSVD ni iliyoachwa bila kazi ya wazi kwako. Zenye DQ au DDR kwenye jina ni za RAM, na kupoteza moja kunaweza kuua njia nzima ya kumbukumbu. PEG ni njia ya kadi ya grafiki. DMI ni mawasiliano kati ya prosesa na chipu kuu ya bodi, na ikikosekana ya namna hiyo usitarajie miujiza.

Bodi iliyopoteza njia moja ya RAM bado ni kompyuta ya ofisi nzuri tu ukitumia nafasi za njia iliyobaki. Nimeona za LGA1150 zikichapa kazi hivyo kwa muda mrefu. Mwambie tu ukweli mtu utakayemuuzia. Kubadilisha soketi nzima kunawezekana, lakini kunataka mashine ya hewa moto ya kulehemu chipu kubwa na mtu anayeifanya kila siku. Kwa bodi ya bei ya kawaida, nyingine ya mtumba huwa nafuu.

Ryzen za AM4: pini ziko kwenye prosesa

Huku ajali ya kawaida ni moja. Pesti imekauka, mtu anavuta kipoza joto kwenda juu, nacho kinang'oka na prosesa ikiwa imeng'ang'ania chini yake huku wenzo wa soketi umefungwa. Kabla ya kutoa kipoza joto, iache kompyuta ifanye kazi nzito kwa dakika kumi hivi ili pesti ilainike, zima, chomoa umeme, kisha kizungushe badala ya kukivuta.

Pini zake ni ndefu na imara kidogo kuliko za LGA. Toa risasi kwenye penseli ya kubonyeza ya milimita 0.7 au 0.5, valisha mdomo wake wa chuma juu ya pini, na uirudishe wima taratibu. Kwa mstari mzima ulioegemea upande mmoja, pitisha kadi nyembamba ya plastiki katikati ya safu kwa urefu, kisha kwa upana. Kipimo cha mwisho ni chepesi: wenzo ukiwa wazi, prosesa inapaswa kuingia yenyewe kwa uzito wake. Isipoingia, kuna pini bado imepinda. Usiisaidie kwa kidole.

Ikiwa bado inasumbua

*Feni zinazunguka sekunde chache, zinazima, zinarudi.* Chomoa umeme mara moja. Kuna uwezekano wa pini mbili kugusana. Rudi hatua ya 5. Kama soketi ni safi kabisa, angalia waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini 4 au 8, wengi huusahau.

*Inawaka, hakuna picha.* Bodi nyingi za karibuni zina taa ndogo za CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya grafiki) na BOOT (kuanza kwa mfumo). Ikikwama kwenye CPU, kagua soketi. Ikikwama kwenye DRAM, hamisha RAM kwenye nafasi nyingine kabla ya kulaumu pini. Kompyuta za ofisi hutoa milio au taa zinazopepesa, na maana zake ziko kwenye kijitabu chake. Toa pia betri ya CMOS, ile ndogo ya duara kwenye bodi, kwa dakika chache, uirudishe.

*Inasoma nusu ya RAM.* Legeza kwanza skrubu za kipoza joto na uzikaze tena kwa mfuatano wa msalaba, kidogokidogo. Kikibana upande mmoja zaidi, prosesa inainuka upande wa pili na njia ya RAM inapotea. Ukipona hapo, hukuhitaji sindano kabisa. Usipopona, toa prosesa, angalia alama kwenye vidoa kama hatua ya 3.

*Kadi ya grafiki haionekani au inapata x8.* Ijaribu kwenye kompyuta nyingine kwanza. Kumbuka pia kwamba baadhi ya kadi ni x8 kiasili, na baadhi ya bodi hugawa njia ukiweka kifaa kwenye nafasi nyingine.

*Ilifanya kazi wiki moja, sasa inaganda.* Pini uliyoinyoosha inagusa kwa shida, hasa kama ni ile iliyokuwa chini. Ongeza kimo chake kidogo, ukizingatia idadi ya mara ulizokwisha kuikunja.

*Pini imesogea lakini inarudi palepale.* Huipeleki mbali vya kutosha kushinda springi yake. Ongeza kwa unywele, na uhakikishe unasukuma katikati ya mkono. Ukisukuma nchani unapinda ncha peke yake.

Ukinunua bodi iliyotumika

Iwe Kariakoo ya Dar es Salaam, Luthuli Avenue ya Nairobi au kwa mtu mmoja mtaani, mwambie muuzaji afungue soketi mbele yako kabla hela haijatoka. Mulika kwa tochi kwa mshazari kutoka pande nne, piga picha, zikuze hapohapo. Bodi isiyo na prosesa wala kifuniko, iliyorundikwa na nyingine kwenye boksi, ichukulie kuwa ina pini iliyopinda mpaka macho yako yakuambie vinginevyo. Muuzaji akisema ilikuwa inawaka, omba iwashwe na RAM kwenye kila nafasi. Ukikubaliana naye, funika soketi kwa kifuniko chake au mwombe aache prosesa mbovu ndani ikiwa imefungwa, izungushie mfuko wa kuzuia umemetuli, na usafiri nayo mkononi, usiitie kwenye begi chini ya vitu vingine.